Tulivyombadilishia Zaituni Maji ya Damu

Siku ya kwanza nilipopelekwa chumba cha kusafisha damu, niliambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa nimetoka wodi ya wanaume, kazi yangu kugeuza wagonjwa na kusukuma mitungi ya oksijeni, na nilijulikana hospitali nzima kwa kuvunja vipimajoto. Sista Veronika, msimamizi wa chumba, alinipa kiti, akaniweka kando ya mgonjwa wa figo aliyekuwa ameunganishwa na mashine, akasema nimwangalie kwa saa nne. Zilipokwisha akaja na maswali yake. Mgonjwa alibadilisha mguu mara ngapi? Alipiga miayo lini? Alianza kuona baridi kabla ya chai au baada ya chai? Sikuweza kujibu hata moja. Kesho yake nikarudishwa kwenye kiti kile kile.

Nilikaa kitini wiki mbili. Wenzangu wa wodi walipopita mlangoni walidhani nimeadhibiwa. Mwishoni mwa wiki ya pili nilimwambia Sista kwamba mzee niliyekuwa nikimwangalia ataumwa na misuli ya mguu dakika si nyingi, kwa sababu ameanza kusugua kisigino kwenye shuka. Misuli ikamkaza kweli. Ndipo Sista akaniruhusu kushika mrija.

"Mashine ina kengele zake," alinieleza. "Huyu hana kengele. Ana wewe."

Neema, ambaye sasa ndiye anayeshika funguo za chumba kile, ameniomba niandike jinsi tulivyoanza kubadilisha plazma kwa wagonjwa wa tezi ya shingo, kwa kuwa kwenye faili zimebaki namba tu na saini yangu isiyosomeka. Nitaandika. Lakini lazima nianzie kwenye kiti kile, maana hayo mengine nilijifunza juu yake, na siku moja niliyasahau.

Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa maji. Maji ya Dodoma mnayajua: chemshia birika wiki mbili, uone magamba meupe yatakavyoota ndani. Mashine ya kusafisha damu haitaki magamba. Nyuma ya chumba kulikuwa na mitambo ya kuchuja, na kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza nilikuwa naonja, napima, naandika. Kuonja hakukuwa kwenye mwongozo. Nilianza mwenyewe, na mara mbili ulimi wangu uliwahi kugundua chumvi kabla ya kipimo. Umeme nao ulikuwa na tabia zake. Kwenye kila mashine kuna mkono mdogo wa kuzungushia pampu, ili umeme ukikatika umrudishie mgonjwa damu yake kwa nguvu za mkono wako. Vijana wa sasa huona mkono ule kama pambo. Naomba kila mmoja wenu auzungushe walau mara moja kwa mwezi, bila mgonjwa, ili mkono wako ujue uzito wake.

Vifaa vyangu mwenyewe vilikuwa vitatu: saa yenye mshale wa sekunde, tochi, na daftari la shule la kurasa themanini na sita. Kompyuta ilipokuja niliiheshimu, ila daftari sikuliacha.

Sista Veronika alistaafu, chumba kikabaki mikononi mwangu. Mashine mpya zilikuja, na moja kati yake ilikuwa na uwezo wa kubadilisha plazma. Damu ukiiweka kwenye chupa ikatulia, chembe nyekundu hukaa chini na juu hubaki maji ya manjano, rangi ya mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa jana. Hayo ndiyo plazma. Mashine ile huyatoa maji hayo ya mgonjwa kupitia kichujio, na badala yake humrudishia plazma ya watu waliochangia damu, huku chembe zake mwenyewe zikirudi mwilini. Tulikuwa tumeifanya mara mbili tu, kwa wagonjwa waliopooza miguu ghafla. Kwa tezi hatukuwahi, wala mimi sikujua kama inafanyika.

Zaituni aliletwa msimu wa baridi, ule wa upepo unaopasua midomo. Alikuwa fundi cherehani wa Busi, huko Kondoa, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo. Mama yake, Bibi Mwanaidi, ndiye aliyekuja naye, na ndiye aliyetueleza. Binti alianza kwa kula sana na kukonda. Halafu mikono ikaanza kutetemeka hata mshono haunyooki, wateja wakarudisha nguo. Watu wote Busi wamevaa masweta, yeye anatoka jasho na kulala juu ya sakafu tupu. Macho yakamtoka mbele, shingo ikavimba. Majirani walisema lao, na mama alisema hataki kulirudia. Hospitali ya wilaya walitambua kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi na kumwaga homoni zake kwenye damu, wakamleta kwetu.

Alipewa vidonge vya kuituliza tezi. Kwa wiki tatu alipata nafuu, hata akaomba sindano na uzi. Kisha akapata homa na koo likamuuma hadi akashindwa kumeza uji. Vipimo vikaonyesha kwamba chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na maradhi, zimekaribia kwisha. Vidonge vile huwafanyia hivyo watu wachache, na yeye alikuwa mmoja wao. Ikabidi viachwe siku hiyo hiyo, na vya jamii yake pia.

Alipewa dawa za kuua vijidudu, akatengwa, na chembe nyeupe zikaanza kurudi polepole. Ila tezi nayo, ikiwa haina wa kuizuia, ilirudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mapigo ya moyo yalifika mia na sitini akiwa amelala. Alikuwa akiongea bila kituo, akilia, akijaribu kushuka kitandani. Kilichobaki ni kuikata tezi yenyewe. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari, lakini daktari wa usingizi alikataa, na sikumlaumu. Alisema moyo unaokimbia namna ile akiupa dawa ya usingizi unaweza kusimama mezani, na yeye hana njia ya kuurudisha.

Ndipo Dokta Imani alipokuja chumbani kwangu. Alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, umri wa binti yangu wa pili, na hakuwahi kuanza jambo lolote bila kuniamkia. Baada ya shikamoo akaniuliza ile mashine ya plazma iko katika hali gani. Nikamwambia iko safi. Akauliza tena kama nina vichujio. Nikamwambia vitatu. Akakaa kwenye stuli, akanieleza.

Homoni za tezi, alisema, hazielei zenyewe kwenye damu. Nyingi zimejishika kwenye protini za plazma. Ukiitoa plazma, umezitoa nazo. Plazma ya watu wengine ikiingia, inaingia na protini ambazo hazijajaa, na hizo zitakamata sehemu ya homoni iliyobaki.

"Lakini tezi itaendelea kumwaga," nikasema.

"Itaendelea. Hatumponyi, Mzee Ndahani. Tunampunguzia kwa siku moja au mbili, ili yule wa usingizi akubali."

Nilimwuliza amewahi kuifanya mara ngapi. Akasema alikoenda kusoma aliiona ikifanywa mara moja, yeye akiwa amesimama nyuma. Nilipenda kwamba hakuongeza. Nikamwambia tutaifanya.

Bibi Mwanaidi ndiye hakutaka. Alikuwa na jirani aliyeunganishwa na mashine katika mji mwingine na akarudishwa kwenye jeneza, na kwake yeye mashine na jeneza vilikuwa kitu kimoja. Alikwisha kufunga vitu vyake kwenye kanga. Dokta Imani alimweleza kwa kirefu na kwa maneno mazuri, mama akaitikia kila neno, kisha akauliza gari la kwenda Kondoa huondoka saa ngapi.

Mimi nilikaa naye kwenye benchi. Sikuwa na la kumwahidi. Nilimwambia kwamba bila mashine, kwa ninavyoona, binti yake hatafika Jumapili, na kwa mashine sijui. Alinijibu kwa swali.

"Hayo maji yake mtakayotoa, mnayapeleka wapi?"

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia yanachomwa. Akasema ataamini akiona. Nikamwambia ataona. Akafungua kanga, akatoa kikombe, na huo ndio ulikuwa mwisho wa safari ya Kondoa. Zaituni mwenyewe alipata saa moja ya utulivu baada ya dawa, akaelezwa, akaweka dole gumba kwenye fomu kwa sababu kalamu ilikuwa ikimruka.

Plazma ilipatikana benki ya damu. Zaituni alikuwa kundi B, ambalo si la watu wengi, na tulihitaji mifuko kumi na miwili kwa kila mara. Mtaalamu wa pale alipekua jokofu lake lote la barafu na kupiga simu hospitali nyingine mbili. Ndugu wa Busi walikuja na gari zima kuchangia damu ili kujazia pengo. Mifuko huja migumu kama tofali, na lazima iyeyushwe kwenye maji ya uvuguvugu. Msikubali kamwe mtu aiharakishe kwa maji ya moto. Protini ikishaiva haifai kitu, na mgonjwa asitiwe plazma ya baridi pia, maana atatetemeka na mtashindwa kujua ni baridi au ni mzio.

Kwa kuwa shingo ilikuwa imevimba, mpira wa kutolea damu uliwekwa kwenye mshipa wa nyongani. Mara ya kwanza ilichukua saa tatu bila tatizo. Mapigo yalianza mia na hamsini na nane, yakaisha mia na thelathini. Mfuko wa kupokelea ulijaa maji ya manjano yaliyoiva, na Bibi Mwanaidi aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda hakuuondolea macho.

Nilipomaliza nilimvalisha mama glavu na kumpeleka. Tulipita nyuma ya jikoni, nyuma ya mahali pa kufulia, hadi kwenye tanuri la taka. Mhudumu wa tanuri alishangaa kumwona mama mwenye kanga, nikamwambia ni mkaguzi. Mama alisimama mpaka mfuko ukaisha kabisa na moshi ukabadilika rangi. Njiani kurudi alisema, "Kumbe ni kweli," na tangu hapo akawa ananiita mwanangu.

Kesho yake mchana, vipimo vilionyesha homoni zimeshuka, na zimeanza kupanda tena. Mapigo yalikuwa mia na arobaini. Tukaanza mara ya pili. Hii ndiyo sehemu ambayo Neema hataikuta kwenye faili kwa urefu huu, ingawa niliiandika.

Zaituni alikuwa na akili timamu zaidi siku ile, lakini bado mguu hautulii, na mrija ulikuwa ukijikunja na mashine ikipiga kengele. Nilikuwa nimechoka na kengele. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba atulie kabisa, asijisogeze, asiongee, kazi itaisha mapema. Mwanamke yule alikuwa amekemewa na kila mtu kwa miezi mingi kwa sababu hatulii. Akatulia. Mimi nikarudi kwenye skrini, nikafurahi kwamba shinikizo limekaa sawa, nikawa naandika namba zangu vizuri.

Plazma ya kuchangiwa huwekewa dawa ya kuzuia isigande, na dawa hiyo hukamata kalsiamu ya damu. Mifuko ikiingia mingi na kwa haraka, kalsiamu ya mgonjwa hushuka. Dalili ya kwanza ni midomo kufa ganzi. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Aliyeona ni mama. Aliniuliza polepole, "Mwanangu, mbona anajilamba midomo hivyo?"

Nilikuwa nimemwona akijilamba, nikadhani ni kiu na upepo wa Dodoma. Nilipogeuka nikaona mkono wake wa kushoto: dole gumba limejikunja ndani ya kiganja, vidole vinne vimenyooka na kushikana kama mdomo wa ndege. Nikapunguza kasi ya pampu, nikamwita Dokta Imani, nikainama nikamwuliza Zaituni anajisikiaje. Alisema sisimizi wanamtembelea mdomoni muda mrefu, na sasa wamefika mikononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisiongee."

Kwenye monita moyo, ambao ulikuwa ukikimbia, ulianza kuruka mapigo. Dokta Imani alifika mbio. Nilimpa sindano ya kalsiamu ambayo nilikuwa nimeiandaa tangu asubuhi na kuisahau kwenye trei, akaiingiza polepole, dakika kumi, macho yake kwenye monita na yangu kwenye vile vidole. Sijawahi kuangalia vidole vya mtu namna ile. Dole gumba lilifunguka kwanza, kisha vingine kimoja kimoja. Moyo ukarudi kwenye mwendo wake. Mama hakuwa amesimama wala kupiga kelele. Alikuwa ameshika mguu wa binti yake kwa mikono miwili.

Baadaye Dokta Imani aliniuliza dalili zilianza lini. Ningeweza kusema dakika tano. Nilimwambia ni dakika arobaini kwa maelezo ya mgonjwa, na nikaandika hivyo kwenye faili kwa mkono wangu. Nikarudi kitandani nikamwambia Zaituni kwamba kosa lilikuwa langu, si lake. Alikuwa amechoka. Mama ndiye aliyeitikia kwamba wamesikia.

Jioni ile nilimpigia simu Sista Veronika, aliyekuwa akiishi na mwanawe huko Buigiri. Nilimsimulia yote. Nilitegemea anikaripie. Aliuliza mgonjwa yukoje, nikamwambia yuko salama. Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema nile kwanza, halafu nitafute kiti.

Mara ya tatu nilikaa kwenye kiti. Skrini nilimwachia muuguzi mwenzangu, mimi nikakaa karibu na kichwa cha Zaituni, na kila baada ya dakika kumi namwuliza: midomo? vidole? nyayo? Kalsiamu tuliianza mapema, kwa matone. Alipofika saa ya pili alichoka na maswali yangu, akasema namsumbua kuliko ugonjwa. Mama yake akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia mtu wa familia ile akicheka.

Tulimaliza mapigo yakiwa tisini na sita. Daktari wa usingizi alikuja mwenyewe, hakuangalia monita, akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu kwa saa yake dakika nzima. Akahesabu tena. Akasema, "Kesho asubuhi, awe wa kwanza."

Siku ya upasuaji mimi sikuwa na kazi kwake. Nilikuwa na wagonjwa wangu wa figo, nikawahudumia. Saa nne nilimpelekea Bibi Mwanaidi chai kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, saa sita nikaikuta vile vile, imeota utando. Saa saba kasoro daktari wa upasuaji alitoka akiwa ameshavua glavu, akamwambia mama kwamba imetoka yote na binti anapumua mwenyewe. Mama alimwomba arudie. Akarudia. Mama alikunywa ile chai baridi yote kwa mkupuo mmoja, akaomba aonyeshwe mahali pa kuswalia.

Zaituni aliondoka baada ya siku kumi na moja. Aliambiwa atameza kidonge kimoja kila asubuhi maisha yake yote, kufanya kazi ya tezi ambayo hana tena.

Baada yake tuliwafanyia wengine wanne. Watatu walifika kwenye upasuaji. Mmoja, mwanamume mfugaji, aliletwa moyo umeshachoka, na plazma ya kundi lake ilipatikana mifuko mitano tu. Tuliingiza hiyo mitano. Alifariki asubuhi iliyofuata. Nimemweka hapa kwa sababu mtakuja kusikia watu wakisema mashine ile ni muujiza. Ni ndoo ya kutekea maji wakati bomba bado linavuja. Ndoo ni kitu kizuri, ila fundi awe njiani.

Nimestaafu sasa. Niliwaachia daftari kumi na tisa kwenye kabati la chini, na saa yangu yenye mshale wa sekunde nimeondoka nayo, msinitafute.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali kuchukua dawa zangu za presha, nikapanga foleni kwenye dirisha la dawa kama mtu mwingine. Mwanamke mmoja aliyenenepa vizuri, amevaa ushungi wa kijani, alikuja kuketi kando yangu, akaniamkia. Alipoinua uso kusoma namba ukutani, nikaona kovu jembamba shingoni, limekaa kwenye mkunjo wa ngozi. Alikuwa Zaituni. Yeye hakunitambua. Kwake nilikuwa macho mawili juu ya barakoa, na hata hayo aliyaona akiwa na homa.

Alianza kulalamikia kidonge. Kila asubuhi, mzee wangu, kabla ya kula, ukisahau unavimba uso. Nikamwuliza ni cha nini, akanisimulia ugonjwa wake wote, kama watu wa foleni wanavyosimuliana. Alisema walimtoa maji yake mwilini wakamtia ya watu, mara tatu, na mama yake aliyaona yakichomwa kwa macho yake.

"Na watu hao siwajui hata mmoja," akasema. "Ila nakwambia, wameniachia kitu. Mimi kambale nilikuwa siwezi hata kumtazama, na yale masharubu yake. Kwetu nyumbani hapikwi. Sasa kila nikishuka stendi, kabla sijafika hapa hospitali, lazima nipite kwanza kwa wauza kambale. Mmoja wa hao walionipa maji alikuwa mtu wa Bahi, kwenye mabwawa ya kambale, hakuna namna."

Mimi nimezaliwa Bahi. Kambale nimewakamata kwa mikono kwenye matope nikiwa sijaanza shule, na nikiwapata leo nawala kwa ugali wa uwele mpaka mke wangu anaondoa bakuli. Ningeweza kumwambia kwamba mtu wa Bahi alikuwepo kweli, pale kichwani pake, anamsumbua kwa maswali. Ningeweza pia kumwambia kwamba plazma haibebi hamu ya samaki, na kwamba kundi langu la damu si lake.

Nikamwambia inawezekana kabisa. Namba yake ikaitwa, akaniaga, akaenda dirishani kuchukua vidonge vyake.